Herbert Hoover

Herbert Clark Hoover (10 Agosti 1874 – 20 Oktoba 1964) alikuwa mhandisi wa migodi, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani. Alikuwa Rais wa 31 wa nchi hiyo kuanzia tarehe 4 Machi 1929 hadi tarehe 4 Machi 1933, kwa tiketi ya chama cha Republican.

Watu wengi humkumbuka kwa sababu mdororo mkuu wa uchumi ulianza katika mwaka wa kwanza wa urais wake. Hata hivyo, kabla ya kuingia katika siasa alifanya kazi ya migodi kwa karibu miaka 20 katika mabara kadhaa. Shughuli yake kubwa ilikuwa kukagua migodi na kukadiria mambo mawili: kuna tani ngapi za mbale ardhini, na kila tani ina madini kiasi gani. Makadirio hayo ndiyo yaliyowawezesha wenye mitaji kuamua kama mgodi unafaa kununuliwa. Kitabu chake Principles of Mining cha mwaka 1909 kilieleza kazi hiyo kwa utaratibu na kilisomwa na wanafunzi wa uhandisi kwa miaka mingi.

Maisha ya awali

Hoover alizaliwa katika kijiji cha West Branch, jimbo la Iowa. Baba yake, Jesse Hoover, alikuwa mhunzi na muuzaji wa zana za kilimo. Mama yake aliitwa Hulda Minthorn. Wazazi wote wawili walikuwa waumini wa Jumuiya ya Marafiki, yaani Waquaker. Ndio wale ambao wamisionari wao walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902.

Baba alifariki mwaka 1880, Herbert akiwa na umri wa miaka 6. Mama alifariki mwaka 1884. Watoto watatu waliobaki, Theodore, Herbert na Mary, waligawanywa kwa ndugu mbalimbali. Mwaka 1885 Herbert alisafirishwa kwa treni hadi jimbo la Oregon kuishi na mjomba wake, daktari John Minthorn. Alisoma katika shule ya Waquaker huko Newberg. Baadaye familia ilihamia mji wa Salem, naye akawa karani mdogo katika ofisi ya mjomba wake iliyouza viwanja na mashamba. Usiku alisoma hisabati.

Masomo na kazi ya kwanza

Mwaka 1891 Hoover alijiunga na Chuo Kikuu cha Stanford, California, kilichofunguliwa mwaka huohuo na ambacho wakati ule hakikutoza ada. Hakufaulu masomo yote ya mtihani wa kuingia, lakini alikubaliwa kwa masharti kwa sababu alifanya vizuri katika hisabati. Alijilipia maisha yake kwa kazi ndogondogo, kama vile kukusanya nguo za wanafunzi na kuzipeleka kwa dobi.

Alianza kusoma uhandisi wa mitambo, kisha akahamia jiolojia chini ya profesa John Casper Branner. Wakati wa likizo alifanya kazi na wapimaji wa jiolojia huko Arkansas na katika milima ya Sierra Nevada. Huko Stanford alikutana pia na Lou Henry, mwanafunzi wa jiolojia, ambaye baadaye alikuwa mke wake.

Alihitimu mwaka 1895, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa mbaya. Kwa kukosa kazi ya kisomi aliingia mgodini karibu na Nevada City, California, akawa kibarua wa kusukuma magari ya mbale katika zamu ya usiku. Mwaka 1896 alipata kazi katika ofisi ya Louis Janin, mhandisi maarufu wa San Francisco, ambaye alikuwa akiitwa mara nyingi kutoa maoni kuhusu thamani ya migodi. Hapo Hoover alianza kujifunza kazi ya ukaguzi.

Australia Magharibi

Mwaka 1897 kampuni ya Bewick, Moreing ya London ilikuwa ikitafuta mhandisi wa kukagua migodi ya dhahabu katika Australia Magharibi. Janin alimpendekeza Hoover, ingawa alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Hoover alifika Australia mwaka huo na kuanza kazi katika eneo la Coolgardie na Kalgoorlie. Ni nchi kavu yenye joto kali na maji machache, na safari nyingi zilifanywa kwa ngamia.

Dhahabu ilikuwa imegunduliwa huko miaka michache tu iliyotangulia, na makampuni mengi yalikuwa yameundwa haraka ili kuuza hisa London. Baadhi ya migodi hiyo ilikuwa na dhahabu juu ya ardhi tu. Mingine haikuwa na kitu zaidi ya shimo fupi na ripoti nzuri. Kazi ya Hoover ilikuwa kushuka shimoni, kuchukua sampuli, kupima upana wa mshipa na kusema ukweli hata kama ukweli huo uliwaudhi wauzaji. Migodi mingi aliyoikagua aliikataa.

Mmoja alioupendekeza uliitwa Sons of Gwalia, karibu na Leonora, kaskazini mwa Kalgoorlie. Wamiliki wa kwanza walikuwa wamechimba kidogo tu, lakini vipimo vilimwonyesha Hoover kwamba mshipa ungeendelea kwenda chini. Kampuni iliununua, na mwaka 1898 Hoover alikuwa meneja wake. Utabiri wake ulithibitishwa na muda: mgodi uliendelea kuchimbwa hadi mwaka 1963, na hadi wakati huo ulikuwa umetoa zaidi ya wakia milioni 2.5 za dhahabu.

Uongozi wake ulikuwa pia na upande mgumu. Alipunguza gharama kwa ukali, akaongeza saa za kazi na kuajiri wahamiaji kutoka Italia, ambao hawakuwa tayari kugoma kama wenyeji. Wafanyakazi wa Australia walimlaumu kwa hayo. Kwake gharama haikuwa jambo la pembeni, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama mwamba ni mbale au ni jiwe tu. Mwamba wenye dhahabu kidogo hauna faida gharama ikiwa kubwa. Gharama ikishuka, mwamba uleule huhesabiwa kuwa mali.

China

Mwishoni mwa mwaka 1898 Hoover aliteuliwa kwenda China. Alipitia California, na tarehe 10 Februari 1899 alifunga ndoa na Lou Henry mjini Monterey. Siku iliyofuata walipanda meli. Walijaliwa watoto wawili wa kiume, Herbert na Allan.

Huko China alikuwa mshauri wa Zhang Yi, afisa wa serikali aliyesimamia migodi ya kaskazini. Alisafiri sana ndani ya nchi kutafuta dhahabu, lakini mali kubwa aliyoithibitisha ilikuwa makaa ya mawe ya Kaiping. Mwaka 1900 vita vya Waboxer vilimkuta yeye na mkewe mjini Tianjin. Mji ulizingirwa kwa wiki kadhaa, na Hoover alisimamia ujenzi wa vizuizi huku Lou akisaidia hospitalini.

Wakati wa vurugu hizo migodi ya Kaiping ilihamishiwa chini ya kampuni iliyosajiliwa Uingereza. Zhang Yi alilalamika kwamba alikuwa ameahidiwa kubaki na sehemu ya mamlaka, na kwamba ahadi hiyo haikutimizwa. Kesi ilisikilizwa London mwaka 1905, na mahakama iliamua kwamba hati ya ahadi hizo ilipaswa kuheshimiwa. Hoover hakuwa mshtakiwa, lakini alitoa ushahidi, na wapinzani wake wa kisiasa waliikumbusha habari hii miaka mingi baadaye.

Mshirika wa kampuni ya London

Mwaka 1901 Hoover alifanywa mmoja wa washirika wa Bewick, Moreing. Kwa miaka saba alizunguka dunia mara kadhaa akikagua na kuongoza migodi ya dhahabu, shaba, bati, risasi, zinki na makaa ya mawe.

Mwaka 1905 alishiriki kuanzisha kampuni ya zinki huko Broken Hill, Australia. Hapo kulikuwa na vilima vya mchanga uliobaki baada ya risasi na fedha kuondolewa, na mchanga huo ulijaa zinki. Kukadiria mali hiyo kulikuwa rahisi kuliko kawaida, kwani vilima vilionekana, vilipimika, na sampuli zilichukuliwa bila kuchimba shimo refu. Tatizo lilikuwa kuitoa zinki hiyo ndani ya mchanga. Majaribio ya kwanza yalishindwa na kampuni ilikaribia kuanguka, hadi njia ya kuelea ilipofanikiwa. Katika njia hiyo mchanga uliosagwa huchanganywa na maji na mafuta kidogo, na chembe za madini hupanda juu pamoja na mapovu. Kisa hiki kilionyesha kwamba kujua tani na kiwango cha madini hakutoshi. Ni lazima kujua pia ni sehemu gani ya madini hayo itapatikana kiwandani.

Mradi mwingine ulikuwa Bawdwin, nchini Burma (leo Myanmar), ambako Wachina walikuwa wamechimba fedha kwa karne nyingi na kuacha marundo makubwa ya taka za tanuri zenye risasi. Kwanza marundo hayo yaliyeyushwa upya, kisha mbale nyingi za risasi, zinki na fedha zikapatikana chini ya ardhi. Hisa za mgodi huo zilichangia sehemu kubwa ya utajiri wa Hoover. Alishiriki pia katika migodi ya shaba ya Kyshtym katika milima ya Ural, Urusi.

Mwaka 1908 aliondoka Bewick, Moreing na kuwa mshauri wa kujitegemea.

Tatizo la makadirio katika wakati wake

Ili kuelewa mchango wa Hoover ni lazima kujua hali ya biashara ya migodi wakati ule. Mbale (huitwa pia mtapo) ni mwamba wenye madini ya kutosha kuchimbwa kwa faida. Mtu anayenunua mgodi hawezi kuiona mali anayoinunua, maana imefichwa ndani ya ardhi. Anategemea ripoti ya mhandisi.

Ripoti nyingi zilitumia msemo mmoja wa kuvutia, uliomaanisha mbale inayoonekana. Kwa mhandisi mmoja msemo huo ulihusu mwamba uliozungukwa na njia za chini ya ardhi pande zote nne. Mwingine aliutumia kwa mwamba ulioonekana upande mmoja tu. Wengine waliingiza hata mwamba ambao hakuna aliyeufikia. Wanahisa wa London walisoma namba hizo kana kwamba zina maana moja. Mgodi ulipokwisha mapema kuliko ripoti ilivyosema, watu walipoteza akiba zao.

Mwaka 1902 chama cha wahandisi wa migodi cha London kiliwataka wanachama wake wasitumie msemo huo bila kueleza ni vipimo gani wametegemea. Hilo lilisaidia, lakini bado hapakuwa na lugha moja ya kutofautisha kilichojulikana na kilichotarajiwa.

Kitabu cha Principles of Mining

Mwaka 1909 Hoover alitoa mihadhara katika vyuo vikuu vya Stanford na Columbia. Mihadhara hiyo ndiyo msingi wa kitabu chake Principles of Mining, kilichochapishwa mwaka huohuo. Kinahusu tathmini, mpangilio na uendeshaji wa migodi.

Sampuli

Tathmini huanza na sampuli. Mhandisi hukata mfereji mwembamba kuvuka mshipa wote kutoka ukingo hadi ukingo, akikusanya vipande vinavyodondoka. Hurudia hivyo kila baada ya umbali uleule kando ya njia ya chini ya ardhi. Akichagua mahali penye kung'aa tu, matokeo hayatauwakilisha mgodi. Umbali kati ya sampuli hutegemea aina ya mwamba: mashapo yaliyotawanyika sawasawa yanahitaji sampuli chache, na dhahabu iliyojificha katika chembe za hapa na pale inahitaji sampuli nyingi zilizo karibu.

Hatari nyingine ni udanganyifu. Muuzaji asiye mwaminifu aliweza kutia vumbi la dhahabu katika mifuko ya sampuli au kulipandikiza kwenye uso wa mwamba. Kwa hiyo wahandisi walifunga mifuko kwa lakiri, wakailinda usiku na mchana, wakachanganya ndani yake mifuko ya mawe yasiyo na dhahabu, na wakarudia kuchukua sampuli mahali penye matokeo ya kushangaza. Mfuko wa mawe matupu ukirudi kutoka maabara na dhahabu, mhandisi alijua kwamba kuna mkono wa mtu.

Wastani

Kosa la kawaida ni kujumlisha matokeo ya sampuli na kugawanya kwa idadi yake bila kujali upana. Kwa mfano, sampuli moja ina upana wa mita 1 na gramu 20 za dhahabu kwa tani. Nyingine ina upana wa mita 3 na gramu 4 kwa tani. Wastani wa kawaida ni gramu 12. Lakini sehemu pana ina mwamba mwingi zaidi, hivyo kila kiwango kizidishwe kwa upana wake: 1 mara 20 ni 20, na 3 mara 4 ni 12. Jumla ni 32, na ikigawanywa kwa mita 4 inakuwa gramu 8. Hesabu ya kwanza imeongeza nusu ya dhahabu ambayo haipo.

Sampuli chache zenye kiwango cha juu kupita kiasi huleta shida pia. Mfuko mmoja wenye bahati unaweza kuinua wastani wa mgodi mzima. Mahali hapo hupaswa kupimwa upya, na mhandisi mwangalifu hapandishi thamani ya mgodi kwa sababu ya chembe moja kubwa.

Tani

Baada ya wastani huja hesabu ya tani. Sehemu ya mshipa yenye urefu wa mita 60, kina cha mita 30 na upana wa mita 2 ina ujazo wa mita za ujazo 3,600. Kama kila mita ya ujazo ya mwamba huo ina uzito wa tani 2.7, sehemu hiyo ina tani 9,720. Ikiwa kila tani ina gramu 8, kuna kilogramu 77.76 za dhahabu. Kiwanda kikiweza kutoa asilimia 90, zitapatikana karibu kilogramu 70. Lazima pia kukumbuka kwamba wakati wa kuchimba mwamba mtupu wa pembeni huchanganyika na mbale, hivyo kiwango kinachofika kiwandani huwa chini ya kile cha sampuli.

Madaraja matatu

Hoover alipendekeza kuacha msemo wa zamani na kugawa mbale katika madaraja matatu kulingana na hatari. Daraja la kwanza ni mbale iliyothibitishwa, ambayo imefikiwa na kupimwa kiasi kwamba hakuna shaka ya maana kuhusu kuendelea kwake. Daraja la pili ni mbale inayoelekea kuwepo, ambapo kuna hatari kiasi lakini kuna sababu za kutosha za kuamini kwamba mwamba unaendelea. Daraja la tatu ni mbale ya matarajio, ambayo haiwezi kuingizwa katika madaraja mawili ya kwanza wala kutajwa kwa tani.

Kwa mgawanyo huo msomaji wa ripoti aliweza kuona sehemu gani ya bei analipia kitu kilichopo na sehemu gani analipia tumaini. Hoover hakudai kwamba tumaini halina thamani. Migodi michache tu ilinunuliwa kwa bei ya mbale iliyothibitishwa pekee, na mnunuzi alilazimika kukisia kilichopo chini ya ngazi ya mwisho. Alichotaka ni kwamba makisio yaitwe makisio, na yategemee jiolojia ya mahali hapo.

Thamani

Jambo jingine alilolisisitiza ni kwamba mgodi ni mali inayoisha. Shamba likilimwa vizuri linabaki, lakini kila tani inayotolewa mgodini inapunguza mtaji. Mtu aliyenunua mgodi wa miaka 10 kwa dola milioni 1 anahitaji kurudishiwa dola 100,000 kila mwaka kabla ya kusema amepata faida. Wanahisa wengi walipokea gawio wakidhani ni faida tupu, kumbe walikuwa wakila mtaji wao wenyewe. Vilevile Hoover alishauri kwamba bei ya metali kama shaba, risasi na zinki ichukuliwe kwa wastani wa muda mrefu, wala si bei ya siku ambayo soko limepanda.

Wafanyakazi

Kitabu kina pia sura kuhusu wafanyakazi. Tofauti na msimamo wake wa Sons of Gwalia, hapa aliviona vyama vya wafanyakazi kuwa jambo la haki na mizani dhidi ya nguvu za makampuni. Lakini katika kitabu hichohicho aliandika kwamba vibarua wa Kiasia na Kiafrika walikuwa duni kwa uwezo wa kazi kuliko wazungu. Hayo yalikuwa maoni ya kibaguzi yaliyoenea miongoni mwa wakuu wa migodi wa wakati wa ukoloni, na hayakuzingatia tofauti za mishahara, mafunzo, chakula na hali za kazi.

Tafsiri ya De Re Metallica

Herbert na Lou Hoover walitumia miaka kadhaa kutafsiri kutoka Kilatini kitabu De Re Metallica cha mtaalamu wa Ujerumani Georgius Agricola, kilichochapishwa mwaka 1556. Kitabu hicho kinaeleza uchimbaji, upimaji wa mbale na uyeyushaji kwa picha nyingi, lakini Agricola alikuwa amebuni maneno mengi ya Kilatini kwa vitu visivyokuwa na jina katika lugha hiyo. Lou alikuwa hodari wa Kilatini, na Herbert alifahamu kazi yenyewe. Pale maneno yaliposhindikana, walijaribu mbinu zilizoelezwa ili kujua Agricola alikusudia nini. Tafsiri yao ya Kiingereza ilitolewa London mwaka 1912, na bado inatumiwa na wanahistoria.

Kazi ya misaada

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 Hoover aliishi London. Alisaidia makumi ya maelfu ya Wamarekani waliokwama Ulaya kurudi kwao. Kisha akaunda tume ya kupeleka chakula Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, maeneo yaliyokuwa chini ya jeshi la Ujerumani. Tume hiyo ililisha mamilioni ya watu kwa miaka minne. Tangu hapo hakurudi tena katika uhandisi kama kazi yake.

Mwaka 1917 Rais Woodrow Wilson alimpa usimamizi wa chakula nchini Marekani. Baada ya vita aliongoza misaada katika nchi nyingi za Ulaya. Wakati wa njaa kubwa ya Urusi ya miaka 1921–1923 shirika lake lililisha watu zaidi ya milioni 10 kwa siku katika kipindi kigumu zaidi, ingawa yeye mwenyewe aliupinga ukomunisti.

Siasa na urais

Kuanzia mwaka 1921 hadi 1928 Hoover alikuwa Waziri wa Biashara. Mwaka 1928 alimshinda Al Smith katika uchaguzi wa rais. Miezi minane hivi baada ya kuapishwa, mnamo Oktoba 1929, soko la hisa la New York lilianguka.

Hoover aliongeza kazi za ujenzi wa umma na kuanzisha shirika la kukopesha benki na makampuni mwaka 1932, lakini alikataa serikali kuu kuwapa wananchi msaada wa moja kwa moja. Mwaka 1930 alitia saini sheria ya kupandisha ushuru wa bidhaa za nje, ambayo wachumi wengi waliipinga. Ukosefu wa kazi uliongezeka hadi karibu robo ya wafanyakazi. Vitongoji vya vibanda vya maskini vilipewa jina lake kwa kejeli. Mnamo Julai 1932 jeshi liliwafukuza kwa nguvu mjini Washington askari wastaafu waliokuja kudai malipo yao, na jambo hilo lilimharibia sifa. Mwezi Novemba Franklin D. Roosevelt alimshinda kwa kura nyingi.

Miaka ya mwisho

Lou Hoover alifariki mwaka 1944. Mwaka 1946 Rais Harry Truman alimtuma Hoover kukagua upungufu wa chakula katika nchi nyingi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kuanzia mwaka 1947 aliongoza tume mbili za kurekebisha muundo wa serikali. Bwawa kubwa la mto Colorado linaitwa Hoover Dam kwa heshima yake.

Alifariki mjini New York tarehe 20 Oktoba 1964 akiwa na umri wa miaka 90. Alizikwa West Branch, karibu na nyumba ndogo alimozaliwa.

Urithi katika tathmini ya migodi

Wazo la kugawa mbale kwa viwango vya uhakika limeendelea kukua. Mwaka 1951 Danie Krige wa Afrika Kusini alionyesha jinsi takwimu zinavyoweza kurekebisha makosa ya makadirio katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, na Mfaransa Georges Matheron aliijenga kazi hiyo kuwa tawi kamili la sayansi. Mwaka 1989 Australia ilitoa kanuni za taarifa za madini zinazojulikana kama JORC. Kanuni hizo hutenganisha rasilimali zilizokisiwa, zilizoonyeshwa na zilizopimwa, kisha akiba inayoelekea kuwepo na iliyothibitishwa.

Udanganyifu wa sampuli nao haukuisha. Mwaka 1997 iligunduliwa kwamba sampuli za mradi wa Busang nchini Indonesia, uliotangazwa na kampuni ya Bre-X ya Kanada, zilikuwa zimetiwa dhahabu. Wawekezaji walipoteza mabilioni ya dola, na Kanada ikaweka masharti makali zaidi.

Leo makampuni yanayouza hisa katika masoko ya kimataifa, yakiwa ni pamoja na yale yanayoendesha migodi ya Geita na Bulyanhulu nchini Tanzania, hutangaza kila mwaka tani na kiwango cha dhahabu kwa madaraja ya namna hiyo. Majina yamebadilika kiasi, lakini lengo ni lilelile alilolieleza Hoover mwaka 1909: anayesoma ripoti aweze kutenganisha kilichopimwa na kinachotarajiwa.